Maswali na majibu: namba za tapu (nafasi za swichi inayobadilisha idadi ya mizunguko ya waya) kwenye kibati cha maelezo cha transfoma

Kibati chetu kinaonyesha tapu 1 ni volti 11,550, tapu 3 ni 11,000, tapu 5 ni 10,450. Nikiweka ya 11,550 si nitapata umeme mkubwa zaidi?

Utapata mdogo. Hata mafundi wazoefu hujikwaa hapa. Safu ile haisemi kinachotoka, inasema kinachoingia: volti hizo zikifika upande wa msongo mkubwa, yaani wa kuingilia, upande wa pili utatoa zile zilizoandikwa kibatini, tuseme 433. Chukua laini dhaifu inayoleta 10,450 tu. Kwenye tapu 1 utapima kama 392, kwenye tapu 3 kama 411, na kwenye tapu 5 ndipo unapata 433 yako. Siri iko kwenye mizunguko ya waya. Tapu ya volti ndogo hupunguza mizunguko ya upande wa kuingilia. Mizunguko ya upande wa kutokea haiguswi, basi volti za kutokea hupanda. Kwa hiyo pima laini kwanza, kisha chagua tapu iliyo karibu na ulichopima. Na usikariri kwamba tapu 1 ndiyo ya volti kubwa siku zote. Soma kibati kilicho mbele yako.

Mbona 433, na mitambo yetu ni ya 400?

Hiyo 433 ni ya transfoma isiyo na mzigo. Mzigo ukiingia, volti hushuka ndani ya transfoma yenyewe, kisha kidogo tena njiani kwenye nyaya.

Tuliweka tapu ya 10,450 laini ilipokuwa dhaifu. Sasa imetengemaa, inaleta 11,000. Tuiache tu?

Msiiache. Sasa inatoa karibu 456 bila mzigo, na usiku, watu wakizima mitambo, taa na vifaa vilivyobaki ndivyo vinavyoumia. Kiini cha chuma nacho hubebeshwa sumaku kupita kiasi: mtasikia mngurumo umeongezeka, na joto hufuata. Rudini tapu 3.

Swichi ya tapu naweza kuigeuza umeme ukiwemo? Mzigo nitautoa.

Hapana, labda kama kibati kinasema wazi kuwa ni ya kubadilishwa ikiwa kazini, na transfoma ndogo za usambazaji kwa kawaida hazina hiyo. Kutoa mzigo hakutoshi, kwa sababu bado kuna mkondo wa kusumakisha kiini, na cheche ndani ya mafuta si mchezo. Zima pande zote mbili, thibitisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, unganisha na ardhi, ndipo ugeuze. Ukiwasha tena, pima volti za kutokea kabla ya kurudisha mzigo.