Jibu: Taa za bandari zinatoka mabaka meupe, maji meusi tii

Habari mkuu. Kwa nilivyokuelewa, umepiga taa za bandari ya Mtwara ukiwa ng'ambo, Msangamkuu, taa zote zimetoka mabaka meupe na maji meusi tii. Kwanza angalia saa uliyopiga. Kwenye picha yako anga lenyewe ni jeusi, yaani ulichelewa, na maji yanachukua rangi ya anga kwahiyo lazima nayo yawe meusi. Huku kwetu giza linaingia fasta, jua likishazama una kama dakika 20 hivi za anga la bluu basi, zile video za Ulaya wanakopiga saa nzima zisikudanganye. Stendi ya kamera iweke kwenye mchanga mgumu, sio juu ya pantoni hata kama imetulia, maana shata (kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) ikikaa wazi sekunde 4 kila taa inageuka mstari. Weka ISO 100 (kamera isinyonye mwanga sana), f/8 (tundu la lenzi liwe dogo kiasi), taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise, halafu punguza muda wa shata mpaka uone unjano ndani ya taa, sehemu za giza utazinyanyua baadae ukiediti. Kama ni simu, gusa ile taa kali, shikilia mpaka fokasi ijifunge, ndo ushushe mwanga. Ukihamia upande wa mjini ongea na walinzi kabla hujatoa kamera, ile ni bandari.