Shangazi, mavyaa anauliza mtoto wangu hana nini

Shangazi, shikamoo. Nina msichana wa wiki sita, nimemwita Hana, jina la kwenye Biblia. Mavyaa hataki kulisikia. Kila akimpakata huuliza, "Hana nini? Hana bahati, hana akili?" Juzi kliniki muuguzi aliita "Hana!", mama mmoja kwenye benchi akadakia, "Hana kadi?" Watu wakavunjika mbavu. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu, ambaye babake marehemu alikuwa Yohana, anasema tubadilishe tu yaishe. Nifanyeje?
Mama Hana, Mikindani

Marahaba, Mama Hana. Unisamehe, la kadi hata mimi limenichekesha.

Jina la mwanao ni la Kiebrania. Huko huanza na ile ha ya kooni, waliosoma Kurani chuoni wanaijua, na n yake hukazwa. Maana yake ni neema, fadhila. Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, ndiyo maana hata hapo Mombasa kuna mabinti waitwao Hanan, yaani huruma. Mzizi ni ule ule.

Na ajabu ni kwamba Hana wa Samweli wa Kwanza kweli alikuwa hana. Hana mtoto, na mke mwenziwe Penina akimchokoza mwaka baada ya mwaka walipopanda kwenda Shilo. Siku moja akaomba, midomo inacheza sauti haitoki, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Ndiye aliyemzaa Samweli. Jina lilipopita kwa Wayunani likadondosha h, likawa Ana, kama yule nabii mjane wa Luka 2. Hana akawa ana! Utamu huo tunaupata sisi wa Kiswahili peke yetu.

Sikwambii umgeuze Ana kwa ajili ya kucheka kwa watu. Pwani tuna kina Tabu na kina Mashaka, na hakuna awaulizaye tabu gani.

Ila kuna neno umelipitisha mbio: Yohana. Kwa Kiebrania ni Yehohanan, "Bwana amefadhili". Hiyo hanan ya mwisho ndiyo Hana wako. Mavyaa anapakata jina la mumewe na hajui! Tena barua nzima sijaona mahali mlipomwuliza kabla ya kumpa mtoto jina. Nahisi kinachomuuma ni hicho, hayo ya bahati na akili ni kisingizio.

Jumapili mpelekeeni mtoto. Mumeo ndiye aseme, ni mamake: "Mama, huyu tumempa la baba." Kiebrania kije baadaye, akiuliza. Kisha mwombeni amchagulie jina la nyumbani, na mlitumie kweli, msimpe kwa kumridhisha tu.

Na kliniki, wakikuuliza hana nini, wajibu: hana meno, yaja.