Anza na simu ya mteja wako

Mawakili wenzangu mnaoingia kesi za familia, mkija na ile staili ya kesi za madai mtaumia, mi niliumia. Kesi ya malezi, niko upande wa mama, hati ya kiapo nimeijaza kurasa 30, kila kosa la baba tangu uchumba limo. Ikafika zamu ya dodoso, yaani upande wa pili kumbana mteja wangu kwa maswali, wakili wa baba kasimama na karatasi moja tu, skrinishoti ya meseji ya mteja wangu kwa baba, akamwomba aisome kwa sauti: "Mtoto humwoni tena." Imetumwa saa saba usiku. Na mimi ndo naisikia hapo hapo! Jaji akainama akaandika weee, amri ya muda, ile ya kushika mpaka kesi iamuliwe, ikatoka, mtoto akaenda kwa baba.

Tangu hapo mteja akikaa tu namwambia lete simu, tunasoma meseji zote na mwenzake, zile chafu kwanza. Asifute hata moja jamani, kwenye simu ya mwenzake zipo na kufuta ushahidi kutamponza zaidi. Ya aibu itaje mwenyewe kwenye kiapo na useme kabadilika vipi, maana ikitoka kwako sumu inapungua.

Hiyo amri ya muda nayo msiichukulie poa. Mtoto akishazoea nyumba na shule jaji anasita kumhamisha tena, kwa hiyo kesi nyingi zinaegemea upande mapema kabla hata shahidi wa kwanza wa kesi yenyewe hajapanda kizimbani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 3, unaweka mbele maslahi ya mtoto, siyo nani alichepuka, ingawa mteja atakung'ang'ania hayo ya kuchepuka uyaandike. We andika nani anamwamsha mtoto, nani anampeleka kliniki, akiumwa usiku anamwita nani.

Kwenye matunzo sina mengi, lete stetimenti za benki na risiti, makadirio ya kichwani hapana.

Na hayo maswali ya nani anamlea mtoto muulize mteja ofisini kabla hajaulizwa kortini. Kuna baba aliniapia yeye ndo mlezi mkuu, nikamuuliza mwalimu wa mtoto anaitwa nani, akanyamaza, alafu akachukua simu akampigia mama mtoto amuulize. Siku hiyo hiyo tukabadilisha maombi, tukaomba wikendi na nusu ya likizo.