Miss Shepherd hasemi asante

Mmeuliza wiki hii: ni mhusika gani wa filamu asiyependeka hata kidogo, lakini huwezi kumsahau? Wangu ni Miss Shepherd wa The Lady in the Van, filamu ya Uingereza ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Nicholas Hytner.

Bibi huyu ananuka, ana kiburi, na amri hazimwishi kinywani. Anaishi ndani ya gari bovu alilolipaka rangi ya manjano, katika mtaa wa wenye nafasi zao huko Camden, London. Majirani wakimletea zawadi ya Krismasi anawahimiza wafunge mlango, yeye ana shughuli nyingi! Sheria za maegesho zilipombana, mwandishi Alan Bennett akamruhusu aliingize gari mbele ya nyumba yake, miezi michache tu. Akakaa miaka 15, hadi alipofariki mwaka 1989. Ni kisa cha kweli, na filamu ilipigwa kwenye nyumba ileile.

Ninachokipenda ni kwamba Bennett, aliyeiandika filamu mwenyewe, hajipambi. Anajichora kama mtu mwoga wa kukataa, si mtakatifu. Tena anajigawa wawili, mmoja anaishi na mwingine anaandika, nao hawaachi kuzozana: unamsaidia huyu bibi au unavuna hadithi? Afisa wa ustawi wa jamii akimwita mlezi wa bibi, Bennett anakasirika, ingawa kinyesi cha mlangoni anakizoa yeye. Halafu anakuja mhudumu wa gari la wagonjwa, anamkumbatia bibi na kumketisha bila kusita wala kukunja pua. Miaka yote ile Bennett hakuwahi kuthubutu. Hakuna hotuba hapo, tukio linapita.

Maggie Smith, anayemwigiza bibi huyu katika filamu na aliyefariki 2024, alikwisha kumwigiza jukwaani mwaka 1999, na inaonekana: hamwombei huruma kwa mtazamaji. Hata tunapojua kwamba aliwahi kuwa mpiga piano hodari, akaingia utawani na huko akakatazwa kupiga, ukali wake uko palepale. Filamu nyingi hutaka fukara awe mpole kwanza ndipo tumpende. Huyu hasemi asante hata mara moja, na bado nilitaka abaki.

Kilichoniudhi ni mwisho, wanapompaisha mbinguni kwa madoido ya kompyuta. Baada ya ukavu wote ule, sukari ya nini? Kwa hilo nawanyima nyota moja.