Kempa ya mgongoni au tela la kuvuta? Maswali yenu

Tangu niseme nimeuza tela langu, ile nyumba ya magurudumu ya kuvuta nyuma ya gari, nikanunua kempa, yani ile nyumba ndogo inayobebwa kwenye bodi ya pikapu, maswali hayaishi. Leo nayajibu machache.

Kaka, si zote ni za kulala porini tu? Kulikuwa na haja gani ya kuuza tela zuri? (Columbus, Ohio)

Haja ni rivasi, ndugu yangu. Miaka mitatu nimevuta tela la futi 24, kila tukifika kambi usiku mke wangu anashuka na tochi, mi nakata usukani kulia tela linaenda kushoto, majirani wametoa viti wanaangalia sinema ya bure. Siku moja kule Utah nikaingia barabara ya vumbi, mbele imekatika, pa kugeuzia hakuna, nilirudi kinyumenyume mpaka shingo ikakauka. Kempa haina matairi yake wala breki zake, inakaa ndani ya bodi imekazwa kwa minyororo pembe zote nne, kwa hiyo pikapu ikipita na wewe umepita, angalia matawi ya juu tu. Halafu huku nyuma ndoano ya kuvutia mizigo iko wazi, mi navuta kiboti changu cha kuvulia. Mwenye tela boti ataifunga wapi? Ila California ukivuta chochote mwisho ni maili 55 kwa saa, kwa hiyo siku ya boti nalia na wenzangu.

Nina pikapu ya Ford F-150, muuzaji kaniambia itabeba kempa yoyote bila shida. Kweli? (Dallas)

Muuzaji anataka kuuza. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika ya njano na nyeupe imeandika uzito wa watu na mizigo usiozidi kiasi fulani, hiyo namba ndo Biblia yako, sio tangazo la TV linaloonyesha pikapu inavuta treni. Maana kuvuta na kubeba ni vitu viwili, watu wengi wanachanganya hapo. Pikapu inaweza kuvuta pauni 10,000 vizuri tu, ukija kwenye kubeba unakuta 1,600. Sasa tupige hesabu: wewe na shemeji pauni 350, zinabaki 1,250. Kempa nyingi za ukuta mgumu ni pauni 2,000 na zaidi, tayari umeshafeli, na huo ni uzito wake ikiwa tupu, bado maji (galoni moja ni pauni 8.3, tangi la galoni 40 ni kama pauni 330), bado gesi, betri, masufuria, na lile begi la mchele ambalo najua utalibeba. Nyingi za hizo zinataka pikapu nzito zaidi, za daraja la F-350. Kwa F-150 tafuta zile za paa la kuinua, yani kuta za juu ni kitambaa na paa unalishusha ukiwa safarini, nyingine ziko karibu pauni 1,000, upepo nao hauzisumbui sana barabarani. Ukishapakia kila kitu pita kwenye mizani pale wanapopimia malori, madereva wa semi mnapajua.

Tuna watoto wanne. (Minnesota)

Mama, nunua tela. Sina maneno mengi. Kempa ni ya watu wawili, watatu wakipendana, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo hata hao wawili wataanza kununiana.

Nasikia ukiwa na kempa unaingia popote kwenye hifadhi za taifa. Tunapanga Glacier, Montana. (Seattle)

Hapana, popote ni neno kubwa. Ile barabara ya Glacier inayoitwa Going-to-the-Sun Road, sehemu ya mlimani hawaruhusu gari linalozidi futi 21 urefu au futi 8 upana, na upana wanahesabu na vioo. Pikapu ya milango minne yenye bodi ndefu peke yake inazidi futi 21, hata hujaweka kempa inayoning'inia nyuma ushapita. Na hapa lazima nikiri, mwenye tela anatushinda: analiacha kambini, anachomoa, kapanda mlima. Sisi inabidi kuinua kempa kwa jeki zake nne, kutoa pikapu chini yake taratibu, na kuirudisha ndo kuna jasho maana usipolenga katikati unakwaruza. Sijawahi kuishusha eti niende dukani kununua mkate. Ila hifadhi ya Yellowstone, kambi ya Fishing Bridge wanataka ukuta mgumu kwa ajili ya dubu, kwa hiyo zile zenye kuta za kitambaa pale hawakupokei, iwe tela iwe kempa.

Inasajiliwa kama gari? (Phoenix)

Majimbo mengi wanaihesabu kama mzigo, haina plate. Lakini sio yote, ulizia ofisi ya kusajili magari ya jimbo lako kabla ya kulipa.

Niko Arusha, nina Land Cruiser pikapu, naweza kuagiza kempa ya Marekani? (Arusha)

Mkuu umenifurahisha. Tela la Marekani mlango uko ubavu wa kulia, huko kwetu tunaendesha kushoto, ukipaki pembeni ya barabara familia inashukia kwenye magari. Kempa mlango uko nyuma, hilo halikuhusu. Umeme ndo tofauti, huku ni volti 120, huko 230, ukichomeka ukutani bila kubadilisha unaunguza. Bodi ya Land Cruiser ni nyembamba kuliko hizi za huku, pima kwanza ndani kati ya tairi na tairi, halafu nitumie vipimo.