Jibu: Februari mbili za Askofu Festo Kivengere

Salamu ndugu. Umeandika kwamba wasifu wa Kivengere, yule askofu Mwanglikana wa Uganda, unaoutayarisha kwa ajili ya vijana wa parokia haupangiki: eti alishuhudia watu wakipigwa risasi Kabale, mji wa kusini-magharibi mwa Uganda, kisha akakimbia usiku uleule. Anza kwa kukagua mwaka. Umeunganisha Februari mbili.

Ya kwanza ni 1973. Alikuwa askofu wa Kigezi, dayosisi ya eneo hilo la Kabale, kwa miezi michache tu wanaume watatu walipoletwa uwanjani Kabale kuuawa hadharani. Aliwaendea akiwa na maneno ya kuwafariji, akakuta nyuso zao zimejaa amani. Waliinua mikono yenye pingu kuuaga umati. Hapo usiharakishe, mpe msomaji nafasi autazame uwanja ule. Baada ya hapo hakukimbia, aliendelea na kazi miaka minne.

Ya pili ni 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum, kiongozi wa Kanisa la Anglikana Uganda, aliuawa tarehe 16, serikali ya Rais Idi Amin ikadai ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda.

Kitabu chake cha kumsamehe Amin, I Love Idi Amin (yaani Nampenda Idi Amin), kilitoka mwaka huohuo, akiwa uhamishoni. Kwa hiyo sura ya kitabu iweke baada ya safari ya Rwanda, la sivyo vijana watadhani alikuwa akimsifu mtawala ili aishi salama, na hilo ni kumwonea kabisa. Alirudi 1979, Amin alipoanguka. Alifariki Nairobi, Mei 1988.

Miaka ya ualimu Dodoma ifupishe, lakini uamsho wa Balokole, ule wa Wakristo “waliookoka” Afrika Mashariki, usiuguse kwa mstari mmoja. Msamaha ule ulianzia kwenye uamsho huo.