Korti Ikimpeleka Ndugu Yako Mathari

Karani akikwambia ndugu yako "ametumwa Mathari", yaani hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi, akapimwe akili, usishangilie na usianze kulia. Nimekaa kwenye mabenchi ya korti za Makadara vya kutosha, nikifuata kesi ya mdogo wangu, na nimeona familia nyingi zikidhani kwamba daktari akisema mtu ni mgonjwa basi kesi imekwisha. Haijaisha. Imesimama tu.

Korti inauliza mambo mawili tofauti. La kwanza ni la leo: je, mshtakiwa anaelewa anashtakiwa nini, anaweza kuwafuata mashahidi, anaweza kumweleza wakili upande wake? Hilo ndilo hakimu anatakiwa kulichunguza chini ya kifungu cha 162 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. La pili ni la siku ya tukio: je, alijua anachofanya, na alijua kwamba ni kosa? Hilo ni la kifungu cha 12 cha sheria ya adhabu, na huja kama utetezi kesi ikisikizwa. Mtu anaweza kuwa na akili timamu leo kizimbani, ilhali siku ile hakuwa nayo. Na kama shtaka ni la mauaji, kupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka ni jambo la kawaida Nairobi. Haina maana kwamba kuna mtu ameshaamua lolote.

Sasa kitu ambacho hakuna wakili atakayekufanyia: dawa. Mdogo wangu alikuwa akidungwa sindano ya kila mwezi kwenye kliniki ya mtaani. Alipokamatwa hakuna aliyeuliza, na tarehe ya sindano ikampitia akiwa rumande. Aliporudishwa kortini alikuwa anabishana na mtu ambaye sisi wengine hatukumwona, na askari aliyemshika mkono akatuambia, "Huyu anajifanya." Kile kilichobadilisha mambo ni kadi yake ya kliniki, ile ya kijani iliyokunjwakunjwa, ambayo mama alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia. Tuliitoa nakala. Moja ilienda kwa mhudumu wa afya wa rumande, moja kwa wakili, na nyingine wakili akaomba iwekwe kwenye faili ya korti.

Kama hamna kadi, andikeni wenyewe: jina la dawa, kipimo, mara ya mwisho kuitumia, na dawa gani ilimletea shida. Hilo la mwisho msiliache. Haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, humkaza mdogo wangu shingo hadi kichwa kinaelekea begani, taya linagoma, mate yanamtoka, kwa hiyo lazima iandamane na kidonge cha kulegeza misuli. Bila hicho, mtu aliyetulia kabisa kichwani atasimama mbele ya hakimu akionekana mgonjwa kuliko siku aliyokamatwa.

Jingine ambalo watu hawalijui: kuonekana hafai kushtakiwa kwa sasa si lazima kumaanishe kufungiwa. Kama kosa lina dhamana, kifungu hicho hicho cha 162 kinamruhusu hakimu kumwachilia kwa familia, mradi kuna dhamana kwamba atatunzwa, hatamdhuru mtu wala kujidhuru, na atarudi kortini akihitajika. Lakini usiende mikono mitupu ukisema "tutamwangalia". Hakimu wetu alimuuliza mama moja kwa moja: mchana ukiwa sokoni, nani anabaki naye? Nendeni mkijua nani atamkalia, nani ataweka dawa, kliniki ni ipi, na atalala wapi. Kama mlalamishi ni jirani wa ploti hiyo hiyo, mtafutieni makao kwa shangazi, Kayole au hata ushago.

Akilazwa, usisubiri simu. Akipata nafuu, hospitali huandika cheti kwamba sasa anaweza kujitetea, kinaenda kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kisha korti ndiyo inafufua kesi. Karatasi hiyo inaweza kukwama mahali popote njiani huku mtu wako akiendelea kukaa wodini akiwa mzima. Shika namba ya kesi kama unavyoshika kitambulisho, ulizia kila mara tarehe ya kesi kutajwa kortini, na umwombe wakili aandike barua. Huna pesa ya wakili? Kuna Huduma ya Kitaifa ya Usaidizi wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016. Foleni ni ndefu, lakini anza mapema.

Na mtu akikutisha kwamba "akipatikana na wazimu atakaa ndani kwa hiari ya Rais mpaka afe", mwambie wakili wako asome uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kisumu wa 2018, uliosema kumzuilia mtu hivyo, bila muda na kwa kungoja neno la Rais, ni kinyume cha Katiba. Kwa miaka mingi watu walisahaulika kwa utaratibu huo. Bado kuna mawakili wanaouzungumzia kana kwamba hakuna kilichobadilika, na mimi hao huwakwepa.

Ukimtembelea kabla ya kupimwa, msimfundishe majibu. Madaktari wa pale wameona kila aina ya uigizaji, na anayejifanya mgonjwa kuliko alivyo huharibu hata ugonjwa alio nao kweli. Mwambie tu tarehe, mwambie yuko wapi na kwa nini. Na siku anaporudishwa rumande, muulize muuguzi kama karatasi ya dawa imo kwenye bahasha anayokabidhiwa askari, kwa sababu kule hawatajua sindano inayofuata ni lini.